Uzito wa Bi Miraba

Kiangazi kile alipomaliza shule ya msingi, msichana ambaye baadaye mji mzima ungemwita Bi Miraba alikuwa mnene kuliko wenzake wote wa darasa, naye aliujua unene wake kama mtu anavyolijua jina lake, kwa sababu aliitwa kwa huo kila siku. Walimwita Gunia. Walimwita Lori. Katika mchezo wa kuruka kamba walimpa kazi ya kushika kamba, na siku ya picha ya darasa mpiga picha alimwomba asimame nyuma kabisa, pembeni, ageuke kidogo. Picha zilipogawiwa aliikunja yake ikawa ndogo, akaisukumiza chini ya mguu mfupi wa meza ya kwao ili meza isiyumbe, na hakuna mtu nyumbani aliyemwuliza ilikokwenda.

Baba yake alikuwa fundi wa viti vya magari. Karakana yake ilikuwa nyuma ya kituo cha mafuta: chumba kirefu chenye paa la bati na mlango wa mbao wenye mabawa mawili, na mbele yake uwanja wa saruji wenye madoa ya oili. Ndani mlikuwa na cherehani ya chuma iliyohitaji wanaume wawili kuihamisha, meza ya kukatia iliyolainika kwa kuguswa, mapande ya sponji yaliyopangwa hadi karibu na dari, na harufu ya gundi ambayo ilimfuata baba huyo mpaka mezani na mpaka kanisani.

Mwaka huo ndipo alipopata gari alilolitamani tangu ujana wake. Lilikuwa gari dogo la mbio, la milango miwili, jekundu, lenye pua ndefu, nalo lililala chini sana hata mtu asingeweza kuingia bila kukunja magoti. Mwenye gari wa kwanza alikuwa amehama na kuliacha katika ghala la fundi bodi, mnyoosha mabati ya magari, jirani wa karakana, na huko panya walikuwa wamevila viti mpaka kwenye springi zake. Injini ilikuwa hai. Viti vilikuwa mifupa mitupu.

Watu wengi wangelivisha gari lile ngozi, wakaona wamelitendea haki. Baba alikataa. Alisema ngozi huteleza gari linapokata kona, na juani huunguza mapaja, na kwamba waliolitengeneza gari la namna ile hawakuwa wajinga walipoliwekea kitambaa. Akatafuta mpaka akapata jora la sufu nzito iliyofumwa kwa kubana, yenye miraba midogo myeusi na myeupe kama ubao wa drafti, na kila baada ya miraba kadhaa uzi mmoja mwekundu ulipita kutoka juu hadi chini, mwembamba, ulionyooka kabisa.

Katika kazi ile binti alijifunza ufundi. Alifundishwa kupitisha kiganja juu ya kitambaa ili ajue vinyweleo vyake vimelalia wapi, kwa maana sufu ile ilikuwa na mwelekeo kama manyoya ya paka: ukiipapasa kwa mbele inatulia, ukiipapasa kinyume inagoma. Vinyweleo vilalie upande wa magoti, baba alisema, ili mtu anaposhuka ashuke navyo asivichane. Alifundishwa kuanza kukata katikati ya kiti wala si pembeni, ili mstari mwekundu ushuke kutoka kwenye egemeo, ufike kwenye mshono, uuvuke, uendelee kwenye kikalio kana kwamba hakuna mkasi uliowahi kupita hapo. Miraba ikikosana kwenye mshono hata kwa upana wa punje ya mchele, baba aliufumua mshono wote. Hakugomba. Alifumua tu, akamrudishia sindano.

Viti vilipokwisha kuvalishwa na kufungwa mahali pake, likabaki jambo moja ambalo mafundi wengi hulipita kwa haraka zao. Kitambaa kipya juu ya sponji mpya hakijui bado kitabeba nini. Ni lazima mtu mzito akikalie mchana kutwa, gari likiwa limesimama, mpaka sponji ipate mashimo yake na kitambaa kilegee pale kinapotaka kulegea. Ndipo fundi hulala chini, hufungua pete za waya zilizokishika kitambaa chini ya kikalio, huvuta ule ulegevu wote, na kuzifunga tena. Gari likiondoka kabla ya hapo, kitambaa kilicholegea husugua kila linaporuka shimo, nyuzi za mshono hukatwa polepole kama kwa msumeno, na miraba hupinda. Katika karakana ile jambo hilo waliliita kukizoesha kiti.

Shida ni kwamba baba alikuwa mwembamba kama ufito. Alipokaa yeye, kiti hakikuwa na habari.

"Njoo ukae," akamwambia binti yake.

Msichana aliogopa. "Nitakivunja, baba."

"Kama kitavunjika, nataka nijue leo. Kaa kwa uzito wako wote, mama. Usijibane."

Katika maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kumwambia asijibane. Aliingia, akakaa, akajiachia. Mdogo wake wa mwisho, aliyeitwa Kitinda na kila mtu mpaka alipoota mvi, wakati huo alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Akapandishwa mapajani mwa dada yake, akalala fofofo, akamlowesha bega kwa mate. Jioni baba alilala chini ya kiti na koleo lake, akavuta, akafunga, na kitambaa kikakaa kama kimezaliwa pale. Alipoinuka alimwambia binti yake kwamba uzito wa namna ile ndio karakana yake ilikuwa ikiukosa miaka yote.

Tangu hapo hakuna kiti kilichotoka mahali pale bila kukaliwa na yeye. Alikua, akawa fundi kamili, na mkono wake kwenye miraba ukawa bora kuliko wa baba, ndipo jina la Bi Miraba lilipomganda. Wateja waliokuja kuchukua magari yao walimkuta ameketi ndani, mlango wazi, akitia vifungo kwenye shati la mtu au akisikiliza redio, na fundi bodi jirani hakuchoka kumtania kwa utani uleule.

"Bi Miraba, safari ya wapi leo?"

"Nimeshafika zamani," alimjibu. "Wewe ndiye umechelewa."

Na kila mwenye gari alipokabidhiwa ufunguo alipewa mahubiri pamoja nao. Piga brashi laini kila wiki, ukifuata vinyweleo. Doa likiingia, usilimwagie maji yakafika kwenye sponji. Chukua kitambaa kilichokamuliwa, chenye sabuni kidogo, ulifute kuanzia nje kuja katikati, kisha acha milango wazi kivulini mpaka pakauke. Usiegeshe juani bila kufunika kioo cha mbele. Usikae na funguo kwenye mfuko wa nyuma wa suruali. Na unapoingia, tanguliza makalio katikati ya kiti ndipo uvute miguu, usijiburute juu ya ukingo ulioinuka, kwa sababu gari la mbio hufia ukingoni. Wengine walicheka. Waliofuata maneno yake waliviuza viti vile pamoja na gari baada ya miaka mingi, vikiwa bado vina sura.

Gari jekundu baba aliliendesha Jumapili. Lilikuwa na viti viwili tu. Mwanzoni kiti cha pili kilikuwa cha mama. Mama alipofariki kikawa cha Kitinda, aliyekuwa akilia asipochukuliwa. Zamu ya Bi Miraba ilikuwa wiki ijayo. Wiki ijayo ilipofika palikuwa na mvua, au na mgeni, au na kazi ya haraka iliyohitaji mtu wa kukaa kwenye kiti kingine uwanjani. Aliolewa, akafiwa na mume mapema, hakujaliwa mtoto, akarudi katika karakana. Kwa hiyo mwanamke yule aliketi katika magari ya mji mzima, ya mbio na ya mizigo, na gari moja tu ndilo alilolitamani liondoke naye akiwa ndani, nalo halikuondoka naye hata siku moja. Hakulisema jambo hilo kwa mtu. Laiti angelisema.

Baba alipokufa, baba wadogo walikutana sebuleni, wakazungumza kwa sauti za kipole, na ilipofika chai gari lilikuwa la Kitinda kwa kuwa ndiye mwana wa kiume. Bi Miraba alipewa cherehani, meza na sanduku la vitambaa. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyevishona viti vya gari lile. Hakuna aliyeuliza ni mwili wa nani uliovizoesha. Yeye mwenyewe alikuwa jikoni akiwamiminia chai.

Kitinda alifungua duka la vigae, likamkubali, akanenepa naye, ingawa unene wake uliitwa afya. Akajiunga na chama cha watu wenye magari ya zamani, wanaume waliovaa kofia nyeupe zinazofanana na kuitana wakuu. Na kwa kuwa alisikia kwamba viti vya kitambaa ni adimu, akavitunza kwa akili yake mwenyewe: alivifunika kwa nailoni nzito, akaibana vizuri, asimwulize dada yake hata neno moja. Akawa anaiosha nailoni kila wiki na kujisifu kwamba chini yake kitambaa ni kipya.

Siku aliyolileta gari karakanani na Bi Miraba akaivua ile nailoni, harufu iliyotoka iliwasukuma wote wawili nyuma. Jasho la miaka lilikuwa limefungiwa humo pamoja na joto. Ukungu ulikuwa umetambaa kwenye miraba myeupe, rangi ya uzi mwekundu ilikuwa imechuruzika, na alipougusa mshono kwa kidole nyuzi zikaachana zenyewe, laini kama tambi zilizopikwa. Viti ambavyo baba yao alivikalia wazi, kwa brashi na kivuli, bila kuharibika, vilikuwa vimekufa chini ya ulinzi.

"Umekifunika kisichafuke," alimwambia mdogo wake, "kikaoza kikiwa kisafi."

Kitinda alicheka kidogo, akasema ndiyo maana amekuja kwa bingwa. Chama chao kilikuwa na maonyesho hivi karibuni. Angependa viti virudi kama vya baba, miraba ileile. Alimvika dada yake kilemba cha ukoka, na dada, ambaye hakuwa mjinga, alikipokea kwa sababu ya gari lenyewe.

Katika sanduku alilorithi, chini kabisa, ndani ya shuka yenye kafuri, kulikuwa na kipande kilichosalia cha jora lile. Baba alikuwa amekiacha hapo kwa makusudi, kwa ajili ya siku kama hiyo. Kilitosha viti viwili na hakikuzidi. Kitambaa cha namna ile hakifumwi tena. Bi Miraba alikwisha kukitafuta kwa wenye maduka, kwa mabaharia, kwa mtu yeyote aliyesafiri, na wote waliporudi walirudi na miraba mikubwa ya mapazia. Kikiharibika hiki, mkono wa baba yake ungekuwa umefutika duniani. Alikipima mara nyingi kabla ya kushika mkasi. Akaacha akiba pana ndani ya kila mshono kama alivyofundishwa. Uzi mwekundu ukashuka kutoka kwenye egemeo, ukauvuka mshono, ukaendelea, na fundi bodi, ambaye sasa alikuwa mzee mwenye masikio mazito kwa sababu ya nyundo, aliinama akautazama, akasema ni vizuri kwamba macho yake hayajaharibika kama masikio.

Asubuhi ile ile alipomaliza kuvifunga viti garini, kabla hajapata kuketi, Kitinda alifika. Alikuja na mkewe, na wanaume wawili wa chama wenye kofia nyeupe. Alitaka gari sasa hivi, kwa kuwa maonyesho yalikuwa kesho na lilipaswa kuoshwa na kung'arishwa. Bi Miraba alimweleza kwa upole kwamba gari halijawa tayari; amwachie mpaka jioni, akizoeshe angalau kiti cha dereva. Alikwisha kuvua viatu ili aingie.

Kitinda aliwatazama wenzake, kisha akamtazama dada yake kutoka utosini hadi kwenye nyayo zilizo tupu.

"Dada, na mwili huo? Hivi ni viti vya gari la mbio, si vya lori."

Wale wawili walicheka. Mmoja alicheka mpaka akaishika kofia yake isianguke. Mkewe Kitinda hakucheka, bali alitazama chini, na pengine kutazama chini huko ndiko kulikoyafanya mambo yawe mabaya zaidi. Bi Miraba alisimama na koleo mkononi. Neno lile alikuwa amelisikia mara ya mwisho katika uwanja wa shule, na sasa limetoka katika kinywa alichokilisha uji kwa kijiko. Akasogea kando. Gari likaondoka, na viatu vyake vikabaki pale uwanjani, kimoja kimepinduka.

Yaliyofuata aliletewa na fundi bodi, ambaye alikwenda kwenye maonyesho kuangalia bodi za watu. Kitinda alimkaribisha kila mkubwa aliyepita aonje kukaa, na kila mkubwa alijiburuta juu ya ukingo kama mtu anayeingia kwenye beseni. Kisha gari likatembezwa barabara mbovu kwenda na kurudi. Jioni kitambaa kilikuwa kimekusanyika kama soksi, uzi mwekundu umepinda kama njia ya mbuzi, na mshono wa ukingo wa dereva umeachama. Mtu mmoja akauliza ni fundi gani huyo. Naye Kitinda, mbele ya kadamnasi, akajibu kwamba ni dada yake, wamsamehe, amekula chumvi nyingi, mkono haufungi tena.

"Amesema hivyo?" Bi Miraba aliuliza.

Fundi bodi, ambaye kwa kawaida huhitaji kurudiwa maneno, hakuhitaji. "Amesema hivyo. Na siku zote mimi husikia vibaya, lakini hilo nililisikia vizuri."

Wiki iliyofuata mwenye gari la kijani, aliyekuwa ameshaahidi kuleta viti vyake, alipita mbele ya karakana bila kupunguza mwendo. Mwingine alituma salamu kwamba ameghairi. Hayo Bi Miraba aliweza kuyameza. Lile asiloweza kulimeza, lililomfanya aamke asubuhi akiwa tayari amekunja ngumi, ni kwamba kosa alilozuiwa kulizuia sasa limebandikwa juu ya jina lake. Walimkatalia kukaa kwa sababu ya mwili wake, kisha kazi ilipoharibika kwa kukosa mwili wake wakasema ni mkono. Na kipande cha mwisho cha kitambaa cha baba kilikuwa huko, kinasuguliwa kila siku, mstari hadi mstari, kikielekea kwisha.

Aliyekuja baada ya hapo ni wifi yake, peke yake, na mfuko wa machungwa kama mtu anayemtembelea mgonjwa.

"Wifi yangu, ndugu yako amekwama," alianza. "Anataka kuving'oa vitambaa avitupe, aweke ngozi ya bandia. Nimemwambia akuone wewe kwanza. Anaona haya kuja."

"Haya ameipata wapi? Nayo wanaiuza dukani kwenu pamoja na vigae?"

Wifi alicheka, kisha akaacha kucheka. Akasema yeye alikuwapo siku ile na alinyamaza, na kunyamaza kwake kunamkera. Bi Miraba alimenya chungwa, akalila lote, akafikiri. Kisha akatoa masharti yake. Gari lije. Ufunguo ubaki kwake mpaka atakaposema mwenyewe. Na siku ya kulichukua, Kitinda aje na wanaume walewale wawili, wakiwa na kofia zao.

Gari likaja. Alipozifungua pete na kukivua kitambaa, alikikuta kingali hai. Nyuzi za mshono ndizo zilizokatika, na pembezoni mwa kitambaa palikuwa pametafunwa kidogo. Lakini ile akiba pana aliyoiacha ndani ilikuwa nzima, ikampa mahali pa kushonea upya. Akaivuta miraba irudi kwenye mstari. Akakitandaza kitambaa kivulini, akakipiga brashi, akakivalisha tena. Siku ya kwanza alikaa kwenye kiti cha pili mchana kutwa, jioni akalala chini na koleo akakivuta na kukifunga. Siku ya pili aliingia kwenye kiti cha dereva.

"Safari ya wapi leo?" fundi bodi aliuliza kutoka kwake.

Kwa mara ya kwanza jibu lake lilikuwa jingine. "Bado sijaondoka," alisema.

Kitinda na wenzake walifika jua likiwa kali. Wifi alikuwa nyuma yao. Bi Miraba alikuwa ameketi kwenye kiti cha dereva, mlango wazi, mikono imetulia mapajani, hajajibana hata kidogo.

"Dada, tumekuja."

"Nimewaona."

Wakangoja atoke. Hakutoka. Uwanja ule hauna kivuli saa zile. Paa la karakana linafunika mlango tu, na mlangoni fundi bodi alikuwa ameshaweka kigoda chake, akijifanya anatafuta kitu. Wanaume wale watatu walisimama juani juu ya saruji, wakihamisha uzito kutoka mguu huu hadi mwingine. Mmoja aliuliza kwa sauti ya chini kama itachukua muda.

"Waambie wenzako," Bi Miraba alisema hatimaye, "nani aliharibu kiti hiki."

Kitinda aliachia kicheko chake cha dukani. Akasema hayo yamepita, wao ni damu moja, tumbo moja, yanini kuyafukua mambo mbele ya wageni.

"Uliyafukia mbele ya wageni," dada alimwambia. "Mwili huu ulioucheka ndio uliozoesha kila kiti kilichokulisha na kukusomesha. Wewe mwenyewe ulijifunza kulala usingizi juu yake, katika kiti hikihiki. Sikukudai gari. Sikukudai zamu yangu. Nakuuliza neno moja: nani aliharibu kiti?"

Aliyasema yote hayo bila kupandisha sauti, na hiyo ndiyo iliyowafanya wale wa kofia waache kutazamana. Kitinda alimtafuta mkewe kwa macho. Wifi safari hii hakutazama chini. Alimtazama mumewe moja kwa moja, akangoja naye jibu.

"Mimi," Kitinda alisema.

Bi Miraba alibaki ameketi.

"Ni mimi," akarudia, akiwageukia wenzake, shingo imelowa jasho. "Aliniambia gari halijawa tayari. Nikaliondoa. Mkono wake hauna kasoro."

Mmoja wa wale wawili, yuleyule aliyecheka mpaka akashika kofia, aliivua. Haijulikani kama ni kwa joto au kwa aibu.

Ndipo Bi Miraba akatoka garini. Alitandika gunia juu ya saruji, akalala chali na koleo lake mbele ya watu wote, akazifungua pete za chini ya kikalio, akavuta ule ulegevu, akazifunga moja baada ya nyingine. Mtu angeweza kusikia kila pete ikibana. Akainuka, akajikung'uta, akapitisha kiganja juu ya miraba kuelekea magotini, mara moja. Mstari mwekundu ulikuwa umenyooka. Akamkabidhi Kitinda ufunguo, wala hakumhubiria neno.

Kitinda, akidhani mambo yamekwisha, alishusha pumzi, akaingia kwenye usukani. Na ni haki kusema kwamba alitanguliza makalio katikati ya kiti ndipo akavuta miguu. Akamwashiria rafiki yake mwenye kofia mkononi azunguke upande wa pili. Rafiki alikuwa ameshaushika mpini wa mlango Bi Miraba alipofika hapo, na rafiki huyo, bila kuambiwa, akauachia.

"Hiki nilikizoesha jana," alisema. "Leo nakikalia."

Akaingia kama baba yake alivyomfundisha. Kitinda alimtazama. Akawasha injini.

Fundi bodi ndiye aliyeshuhudia yaliyosalia, naye huyasimulia bila kuongeza chumvi. Gari jekundu lilipita kituo cha mafuta, likakunja kushoto, upande wa barabara kuu, usio wa nyumbani kwa Bi Miraba wala kwa ndugu yake. Wanaume wawili wa chama walibaki uwanjani juani. Kabla gari halijapotea, kioo cha upande wa pili kilishushwa, Bi Miraba akatoa mkono, akauegemeza juu ya mlango, nao ukabaki hapo.